Mlango wa Nyuma wa Darasa la Pili

Mwezi uliopita walimu wa kata yetu hapa Gehandu tuliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye koti lililomzidi mabega, na mada yake ilikuwa namna ya kuandaa somo linalowafaa wanafunzi wanaojifunza kwa njia tofauti. Wengine hujifunza kwa kuona, akasema, wengine kwa kusikia, wengine mpaka washike. Mwalimu mwenzangu wa hisabati akaninong'oneza kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, siku hizi wanasema mtoto hana njia moja tu. Nikamwambia anyamaze tufike saa ya chai salama. Kisha yule kijana akaleta ndoo iliyofunikwa kwa gunia lililolowa, akaifunua, na harufu ya udongo wa mfinyanzi ikajaa chumba kizima.

Nilitoka nje nikijifanya nimepigiwa simu. Nilisimama nyuma ya vyoo, mwalimu mzima wa miaka thelathini na kitu, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Sikulia hivyo hata siku tuliyomzika bibi yangu. Niliporudi, kijana aliniuliza kama kuna habari mbaya nyumbani, nikamwambia ndiyo, na kwa namna fulani sikusema uongo. Habari yenyewe ilikuwa ya zamani tu. Naiandika kwa ajili yenu wa rika langu, mliokaa watano dawati moja na kunywa uji wa shule, maana ninyi sitahitaji kuwaeleza sana.

Nilizaliwa Masieda, Mbulu vijijini, kwenye nyumba ya bati iliyojengwa ubavuni mwa tembe ya bibi yangu mzaa baba. Asubuhi za kwetu ni za baridi, ukungu hukaa mpaka kengele ya pili, na tulikwenda shule tumejifunga mashuka shingoni, visigino vimepasuka. Nilikwenda na Paskalina. Kati ya kwao na kwetu palikuwa na shamba la maharage tu. Tulikaa dawati moja, na wakati wa uji tulitumia kikombe kimoja, cha kwao, kwa sababu cha kwetu kaka yangu alikipoteza kisimani. Paskalina alikunywa kwanza, akaniachia nusu kamili, na hakuwahi kunipunja hata funda moja. Mimi ningempunja, nakiri, lakini kikombe hakikuwa changu.

Kusoma kulimshinda. Alikuwa anarudia darasa la pili, na bado. Si kwamba alikuwa mjinga. Alijua mbuzi wa kijiji kizima kwa rangi zao na mama zao, na nyimbo za kanisani alizijua kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata "ba be bi bo bu" aliimba vizuri kuliko sisi wote, ila ukimwonyesha moja ubaoni hakujua ni ipi. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema mbele ya watu. Siku moja dukani, nikiwa nimetumwa chumvi, nilimsikia akimwambia mwenye duka: "Akiandikiwa arudie tena, anakwenda Basotu kwa shangazi yake kulea mtoto. Mimi sisomeshi ubao." Kwa hiyo nilijua, na Paskalina alijua. Asipojua kusoma kabla shule hazijafungwa Desemba, basi.

Mwaka huo, masika yakielekea kuisha, mdogo wake alikufa. Alikuwa mtoto wa kunyonya bado, aliumwa homa siku tatu. Katekista alikuja, tukaimba, akazikwa nyuma ya nyumba kwenye kaburi dogo ambalo sisi watoto tulilitazama tukashangaa kwamba mtu anaweza kutosha humo. Baada ya mazishi watu walikula, wakaondoka. Nilidhani imeisha.

Jioni ile bibi alinikalisha karibu na moto. Bibi yangu alibatizwa ukubwani, akaenda kanisani kila Jumapili, lakini yapo mambo ambayo hakuyapeleka kanisani. Akaniambia kwamba zamani, nyumba ikifiwa na mtoto kama yule, watu wa nyumba hiyo waliingia metimani. Maana yake walitengwa. Walikuwa na njia yao, wasipite njia ya watu. Walichota maji mahali pao. Hakuna aliyeomba moto kwao wala kunywa kwenye chombo chao, na ng'ombe wao hawakuchanganyika na wa jirani, mpaka wazee waseme yameisha. Si kwa kuwachukia, alisema, bali ili kifo kisipate njia ya kuingia nyumba nyingine. Yeye mwenyewe alikaa hivyo akiwa msichana, na alikumbuka jinsi rafiki yake alivyompungia mkono kutoka ng'ambo ya korongo kwa muda mrefu sana.

"Na sasa je?" nikamuuliza. "Akina Paskalina wametengwa?"

"Sasa katekista amesema hakuna kitu hicho."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Katekista ni wa juzi," bibi akasema, akageuza kuni.

Basi kijiji kikawa na mambo mawili kwa pamoja. Kwa mdomo hakuna metimani. Kwa miguu, watu walipunguza kupita kwao. Mama aliniruhusu kwenda shule na Paskalina, ila nisiingie nyumbani kwao. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilitaka mtu mmoja mkubwa, mwenye elimu, aniambie moja kwa moja, ipo au haipo.

Shule zilipofunguliwa Julai tulipata mwalimu mpya, mwalimu Zuhura. Alikuwa binti wa wenye duka Dongobesh, amevaa ushungi wa kijani na viatu ambavyo tope la Masieda liliviua wiki ya kwanza. Kiiraqw chake kilikuwa cha sokoni: alijua kusalimia, kuhesabu na kukataa bei. Tulimpenda mara moja, kwa sababu hakuingia na fimbo. Aliingia na daftari kubwa la maandalio ya masomo, limepigwa mistari kwa rula, na kila somo limegawanywa sehemu tatu kwa kalamu za rangi tatu. Alituonyesha kabisa. Bluu ni macho, nyekundu ni masikio, kijani ni mikono.

Wiki mbili alitupitisha sote kila mahali. Ukutani alibandika herufi kubwa na picha alizochora kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Karibu na mlango wa mbele aliweka debe la kupiga, tukaimba silabi kwa mapigo. Nyuma ya darasa, kwenye mlango ambao zamani ulifungwa kwa waya, alitandika viroba vilivyoshonwa pamoja, akaweka ndoo ya udongo aliouchota mwenyewe korongoni, na huko tulifinyanga herufi. Yeye alizunguka na daftari lake akiandika. Kisha akatupanga. "Siwagawi ninyi," alisema, "nagawa somo." Hakuna hata mmoja aliyeelewa, lakini tuliitikia ndiyo mwalimu.

Viroba vilipata watoto watatu, Paskalina na ndugu wawili ambao baba yao, kiangazi kilipokaza, alihamia na ng'ombe bonde la Yaeda akawachukua. Akabaki Paskalina peke yake. Mwalimu hakumwondoa, kwa sababu, na hili nilikuja kulijua baadaye sana, aliona mikono yake inaanza kushika kile ambacho macho yake yalikataa.

Lakini mimi niliona nini? Naomba mnitazame mtoto wa miaka tisa, niliyeelezwa yote kando ya moto wa bibi. Niliona Paskalina ameondolewa kwenye dawati letu, akawekwa peke yake. Niliona amepewa kopo lake la maji, na mwalimu akatuambia, "Vitu vya Paskalina msiviguse," kwa sababu wavulana walianza kurushiana udongo, ila hiyo sababu haikunifikia. Kisha nikaona mwalimu anafungua ule mlango wa nyuma na kumwambia, "Wewe utaingilia na kutokea huku." Mahali pake, maji yake, chombo chake, njia yake. Hakikukosekana kitu. Mwalimu, mtu wa daftari na kalamu za rangi, ambaye hata hakuwa wa kabila letu, alikuwa anafanya yale yale ya bibi. Nilipata jibu langu. Ipo.

Na nitasema ukweli, sikuhuzunika. Nilifurahi. Nilikuwa mtoto aliyejua jambo kabla ya wakubwa. Nilikimbia njia nzima hadi nyumbani.

"Bibi, mwalimu amemtenga Paskalina!"

Bibi aliacha kupepeta. Akaniuliza mara mbili, nikamweleza mlango, nikamweleza kopo. Akasema polepole, "Hata serikali inajua." Kwake mwalimu alikuwa serikali. Kesho yake alikwenda kisimani mapema kuliko kawaida, na hakurudi mapema. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mdomo wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, changu kikabaki salama mabegani.

Baada ya hapo kijiji hakikuhitaji kunong'ona. Kilichokuwa aibu mbele ya katekista kilikuwa sasa kimethibitishwa na shule. Mavuno yalipofika, kwetu huwa tunavuna kwa kusaidiana, leo kwa huyu kesho kwa yule, mwenye shamba anapika makande na kuandaa pombe. Kwa akina Paskalina mama yake alipika, akangoja. Nilimwona kutoka shambani kwetu amesimama mlangoni na kisu cha kukatia mabua, amefunga kanga kiunoni, anatazama barabara. Hakuja mtu. Aliingia shambani na mume wake na Paskalina, watatu, na mahindi mengine yalikaa mpaka panya na nguruwe pori wakayamaliza. Baba yangu aliona. Alivuta pumzi, akageuka upande wa pili kuendelea na kazi.

Shuleni mimi ndiye niliyeanza. Uji ulipoletwa, Paskalina alikuja na kikombe chetu kama kawaida, akanywa, akaniachia nusu, akaninyooshea. Niliweka mikono nyuma.

"Kunywa, kitapoa," akasema.

"Sinywi chombo chako."

Alidhani ni mchezo, akacheka. "Umekasirika nini?"

"Kwani hujui? Mko metimani. Mwalimu mwenyewe anajua."

Alitazama mlango wa nyuma. Nilimwona akiutazama, kisha akatazama kopo lake lililokuwa pembeni ya viroba, na nikaona jambo lile linamwingia. Mpaka saa ile yeye alikuwa anafurahi kule nyuma. Hakuwa amefikiri kabisa kwamba ametengwa, mimi ndiye niliyemfundisha. Alikunywa ile nusu yangu taratibu, akaenda kuosha kikombe. Tangu siku hiyo hakuna aliyemkaribia, na mimi nilikunywa uji kwa kikombe cha msichana mwingine aliyekuwa akinipunja.

Yeye aliendelea kufinyanga. Sijui moyo ule aliutoa wapi. Mwalimu Zuhura alikuwa na watoto themanini na wawili, akifika kule nyuma mara moja kwa siku, akimsahihishia, akiandika daftarini. Mbele ya jina la Paskalina, kwenye safu ya kijani, alikuwa ameandika "bado", wiki baada ya wiki. Sote tulijua, kwa sababu daftari lilikaa wazi mezani na sisi tuliosoma tulikuwa wambeya.

Ilikuwa Ijumaa, mwalimu ameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Paskalina aliinuka kwenye viroba vyake. Hakupita nyuma, alikatisha katikati ya darasa, watoto wakijikunja kumpisha, akaja mpaka dawati langu. Mikononi alibeba kipande cha bati, na juu yake herufi nne za udongo zilizokauka, zimepasuka kidogo pembeni. R, O, Z, I. Jina langu.

"Langu ni refu," akasema. "Nimeanza na lako." Akaweka kidole juu ya ile ya kwanza. "Ro," akasoma. Akasogeza kidole. "Zi."

Alikuwa anasoma. Hakuwa anaimba, alikuwa anasoma. Nililiona hilo, na hapa siwezi kujificha nyuma ya utoto. Nilijua kabisa maana yake. Lakini jina langu lilikuwa kwenye mikono ya nyumba iliyofiwa, na mimi niliona kifo kimejua kuniandika. Nilichukua rula. Sikutaka kugusa, kwa hiyo nilitumia rula, nikasukuma lile bati mpaka likafika ukingoni likaanguka. Herufi zilivunjika zote isipokuwa O, iliyobiringika mpaka chini ya dawati la mbele.

Mwalimu akaingia wakati huo huo. Aliona udongo sakafuni, akaona Paskalina amesimama mahali asipotakiwa kuwa. "Paskalina," alisema, amechoka tu, hakuwa mkali, "nimekuambia udongo ubaki kwenye viroba." Watoto themanini na wawili, na hakuna aliyesema, mwalimu, amesoma. Paskalina aliokota vipande, vyote, hata ile O, akatoka navyo kwa mlango wa nyuma. Jumatatu hakuja.

Wiki ya kwanza mwalimu aliita jina lake na kuweka alama. Wiki ya pili aliuliza kama anaumwa. Mvulana mmoja wa mbele, aliyeshangaa kweli, akajibu, "Si ulimtenga, mwalimu?" Mwalimu Zuhura alicheka kwanza. Kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akatoka kwenda kwa mwalimu mkuu, ambaye ni mtu wa kwetu, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani aliyesema nimemtenga?" akauliza. "Nani ameanzisha?" Tukainamisha vichwa. "Nikimjua huyo mtu, awe mtoto awe mzee, nitampeleka kwa mtendaji wa kijiji. Haki ya Mungu nitampeleka."

Mimi nilikuwa nimewahi kuona mgambo wakimpeleka mzee mmoja kwa mtendaji, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Mawazoni nikamwona bibi yangu amefungwa hivyo hivyo.

Yaliyofuata kwa Paskalina nitayasema upesi, kwa sababu hayachukui muda kusema. Mavuno yalipoisha baba yake alimpeleka Basotu kwa shangazi yake kulea mtoto. Alilea huyo, akalea wengine, akaolewa mapema huko huko karibu na mashamba ya ngano. Nasikia ana watoto wanne. Kutoka hapa Gehandu hadi Basotu si mbali hata kidogo, mabasi yapo, na mimi nina miaka sita hapa sijakwenda. Mwalimu Zuhura alimngoja, na alipoona harudi akakunja vile viroba. Akafunga mlango wa nyuma kwa waya, akabandua herufi za ukutani, akatufundisha kwa chaki kuanzia hapo, sote tunatazama mbele, sote tunanakili, na daftari lake likawa la kalamu moja. Mwaka uliofuata alihama. Wakaguzi wakija darasani kwangu siku hizi hunisifu kwamba sina kundi la kudumu, kila mtoto anapita kila pembe, na hakuna anayekaa mahali peke yake hata kwa dakika kumi. Wananiuliza nilisomea wapi mbinu hiyo. Nawajibu ni uzoefu.

Lakini kabla hajapelekwa Basotu kulikuwa na siku moja ambayo yote yangeweza kurudi mahali pake, na hiyo ndiyo iliyonitoa nje ya mafunzo. Wavunjaji wa udongo wanasameheka wakiwa na miaka tisa. Hii nyingine sijui.

Mwalimu Zuhura aliamua kwenda kwao mwenyewe, Jumamosi. Mama yake Paskalina hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na mwalimu alihitaji mtu wa kumtafsiria. Mwalimu mkuu alikuwa safarini. Akauliza darasani nani ni jirani na rafiki yake, na vidole vyote vikanionyesha mimi.

Tulikwenda asubuhi, ukungu haujapanda. Njiani aliniuliza, "Rozi, hebu nieleze, hii metimani yenyewe ikoje?" Nikamweleza kama bibi alivyonieleza, njia, maji, chombo. Nilipofika kwenye habari ya njia, alisimama.

"Kwa hiyo ule mlango wa nyuma..."

"Ndiyo mwalimu."

Akakaa kwenye jiwe kando ya njia na viatu vyake vibovu. "Mimi nilitaka tope lisiingie darasani," akasema. "Tope tu, Rozi. Yule mtoto mikono yake ndiyo inayosoma. Bado kidogo tu angesoma." Nilisimama mbele yake na kila kitu kikanigeukia. Hakumtenga. Hakujua chochote. Niliyejua kila kitu nilikuwa mimi, na nilijua vibaya. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba ameshasoma, amesoma jina langu. Nikatazama vidole vya miguu yangu mpaka akainuka.

Mama yake Paskalina alikuwa uani anapukuchua mahindi, rundo dogo la kusikitisha. Alikuwa amekonda. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akaitikia, akatuwekea kigoda kimoja, na mimi nikabaki nimesimama kati yao. Paskalina alitokea mlangoni na ungo mkononi. Hakunisalimia, nami sikumsalimia.

"Mwambie mama," mwalimu akasema, "mimi sikumtenga mtoto wake. Sikujua msiba wao wala mila yao. Nilimweka pale kwa sababu ndivyo anavyojifunza vizuri. Nimekosea, naomba anisamehe. Mwambie Jumatatu Paskalina aje, atakaa mbele karibu yangu, ataingia mlango wa mbele na wenzake, na akiendelea hivi hatarudia darasa. Na mwambie yule aliyezusha haya nitamtafuta mpaka nimpate."

Alisema yote kwa mkupuo, machozi yamemlenga, kisha akanitazama. Mama naye akanitazama. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kuyasema kama yalivyo. Naapa nilikuwa na nia hiyo. Lakini nilijua swali ambalo yule mama angeuliza kwanza: kama si mwalimu, basi ni nani? Na jibu lilikuwa kwetu, ng'ambo ya shamba la maharage, limekaa kwenye moto wake. Nikasema kwa Kiiraqw, "Mwalimu anawapa pole kwa msiba. Anasema Paskalina apumzike nyumbani kwanza, mpaka mambo yenu yaishe."

Mama aliinamisha kichwa. Akaokota punje iliyoruka mbali, akairudisha kwenye rundo. "Hata yeye," akasema kwa Kiiraqw. "Mwambie nimesikia. Mwambie asihangaike, baba yake ameshasema anakwenda Basotu."

"Mama amesemaje?" mwalimu akaniuliza.

Sikuwa na uongo wa pili. Wa kwanza ulikuwa umeninyonya nguvu zote. Niligeuka, nikakutana na macho ya Paskalina. Alikuwa amesikia lugha zote mbili. Alisikia mwalimu anamwita arudi, akasikia mimi ninamfungia mlango, na alikuwa na sauti yake na Kiswahili chake, angeweza kuninyoosha mbele yao kwa sentensi moja. Alinitazama, wala hakukunja uso. Nadhani aliona jinsi nilivyoogopa.

"Amesema asante, mwalimu," Paskalina akasema. "Amesema nitakuja Jumatatu."

Mwalimu Zuhura alifurahi sana. Alimshika mama mikono yote miwili, akamkumbatia Paskalina na ungo wake, akamwambia atamchotea udongo mpya. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea peke yake kuhusu somo la Jumatatu, nani akae wapi, silabi zipi zitangulie. Tulipokaribia kwetu aliniambia nimetafsiri vizuri, akanishika mkono mpaka mlangoni kwa bibi.